Fahamu: Mnyama akikujeruhi Kwale, nani hulipa?

Tembo akitoka Shimba Hills usiku akamuua mtu kwenye mahindi yake, familia hudai serikalini. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Dai huanzia kwenye kamati ya kaunti; asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa.

Mnyama wa kufungiwa ni kesi nyingine. Mamba wa bustani ya familia ana mwenyewe, na huyo ndiye hushtakiwa. Kwa kanuni ya zamani ya mahakama zetu, kufuga mnyama mkali kunatosha: mdai halazimiki kuthibitisha uzembe. Hata hivyo, kama komeo la kizimba lilikuwa bovu, lipige picha mapema, kabla halijabadilishwa.