Haki za Mahabusu Ziandikwe Kabla ya Vita

Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alimwandikia Rais Julius Nyerere barua ya kujiuzulu. Hakuna aliyemtuhumu kumpiga mtu wala kuamuru apigwe. Alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa Shinyanga na Mwanza mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi, waliteswa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama, na baadhi yao wakafa. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia usalama, aliondoka pia, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili, Peter Kisumo na Marco Mabawa. Baadaye maofisa kadhaa walishtakiwa na kutiwa hatiani. Habari hii husimuliwa kama mfano wa uwajibikaji, na inastahili sifa hiyo. Lakini uwajibikaji ule ulikuja baada ya mazishi. Waziri anajiuzulu madhara yakishatokea. Hakimu anayeletewa mtuhumiwa siku ya pili baada ya kukamatwa humwona anachechemea, humuuliza kapatwa na nini, na jibu likaandikwa kwenye jalada. Kinga hii ya hakimu ndiyo wabunge wetu wanayopaswa kuitungia sheria imara.

Maana hatari kubwa kwa mahabusu ni pale Serikali inapotangaza kwamba ipo vitani. Mwaka 1976 vita ilikuwa dhidi ya wauaji. Mwaka 1983 ikawa dhidi ya wahujumu uchumi: watu walianza kukamatwa kwanza, kisha Bunge likapitisha sheria iliyorudi nyuma kuwashika waliokwisha kukamatwa, na kesi zao zikapelekwa kwenye baraza maalumu ambako mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Sheria ile ilidumu muda mfupi tu, ikabadilishwa mwaka 1984, na kubadilishwa kwake haraka hivyo ni ushahidi kwamba ilitungwa kwa hasira. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kesi na kuzuia amri hiyo isihojiwe mahakamani. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliitaja mwaka 1992 miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Leo tunasikia vita dhidi ya ugaidi na, katika ukanda wa dhahabu, vita dhidi ya watorosha madini. Maadui wanabadilika, lakini anayetiwa pingu ni yuleyule: mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa.

Tumfuatilie mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, anayeshikwa usiku baada ya mtu kuuawa karibu na duara lake la kuchimbia dhahabu. Sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji, zinazoweza kuongezwa, na inataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Masharti haya si mapambo. Mahakama ya Rufani imeyatupa mara nyingi maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda, kwa sababu kadiri mtu anavyokaa kituoni bila kuonekana ndivyo inavyokuwa vigumu kujua kama alikiri kwa hiari. Akishafika kwa hakimu, anaambiwa kosa la mauaji halina dhamana. Anapanda karandinga kwenda rumande, anarudi baada ya siku 14, wakili wa Serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine. Kila hatua ni halali, na miaka inaweza kupita namna hiyo huku familia yake ikiuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kulipia nauli na wakili.

Kanda ya Ziwa yenyewe ndiyo iliyotoa kesi iliyoonyesha kasoro hii. Katika shauri la Daudi Pete, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, na baada yake Mahakama ya Rufani, walikibatilisha kifungu kilichonyima dhamana kwa baadhi ya makosa ya shambulio na silaha. Mahakama ya Rufani haikusema watuhumiwa wote waachiwe. Ilisema kifungu kilikuwa kipana mno na hakikuweka utaratibu wa kumkinga mtu asinyimwe uhuru kiholela. Hata hivyo orodha ya makosa yasiyo na dhamana ilibaki ndefu. Mahakama Kuu ilipoikataa mwaka 2020 katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani iliirejesha mwaka huohuo. Kwa hiyo mpira uko bungeni. Gharama ya kunyima dhamana namna hii inaonekana kwa masheikh wa jumuiya ya Uamsho kutoka Zanzibar, waliokaa rumande miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa kesi Juni 2021. Walitoka bila kuhukumiwa, na ambaye angetaka kujua ukweli wa tuhuma zile naye hakuupata.

Wapo watakaosema kwamba muuaji hana haki ya kudai haki, na kwamba wananchi wa Shinyanga walianzisha sungusungu miaka ya 1980 kwa sababu mahakama zilikuwa zinawaachia wezi wa ng'ombe. Hoja hii ina uzito; mtu aliyeibiwa mifugo na kuona mwizi anarudi kijijini hawezi kutulizwa kwa vifungu. Ila kinachomrudisha mwizi kijijini mara nyingi ni upelelezi mbovu, na kipigo hakiutengenezi. Septemba 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yameitia nchi nzima hofu, mahakama iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo, na ilipatikana kwa mashahidi na vielelezo mbele ya umma.

Mwingine atasema ugaidi ni jambo jingine kabisa. Marekani iliamini hivyo. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa mabomu ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ya 1998, akafichwa katika jela za siri za CIA kabla ya kupelekwa Guantánamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu kutoka Tanzania kwa sababu habari zake zilipatikana kwa kumbana mtuhumiwa kwa nguvu. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka yote zaidi ya 280, isipokuwa moja. Hilo moja lilimpa kifungo cha maisha. Mateso yaliudhoofisha upande wa mashtaka wenyewe, na mahakama ya kawaida ndiyo iliyomfunga.

Katiba yetu, ibara ya 31, inaruhusu baadhi ya haki zipunguzwe wakati wa hali ya hatari, na hakuna anayedai kwamba nchi iliyo vitani ijifunge mikono. Lakini mipaka iandikwe kabla vita haijatangazwa. Wabunge waifute Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962. Waweke ukomo wa muda wa upelelezi kwa kila kosa, likiwemo la ugaidi na la kutakatisha fedha, na wamrudishie jaji uwezo wa kupima dhamana ya kila mtuhumiwa kwa hali yake. Waamuru kila kituo kiwe na daftari la mahabusu ambalo ndugu na wakili wanaweza kuliona siku hiyohiyo. Wabunge wa Shinyanga na Geita ndio wa kwanza kulisimamia hili, na wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza wamefanya nini.