Mshahara wa mtoto si wa mzazi

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini hawakutueleza sisi wazazi la kufanya siku ile mtoto tuliyemlea anaporudi nyumbani na jasho lake mwenyewe. Mimi sikujua, na kutojua kwangu kuliniletea aibu ambayo nimeonelea heri niwasimulie wazazi wenzangu, huenda mmoja akaponea hapo nilipoangukia mimi.

Kifungua mimba wangu ni msichana. Alifanya mtihani wake wa kidato cha nne Novemba 2023, na kama wenzake wote akabaki nyumbani akingojea nafasi ya chuo kikuu, ambayo haingepatikana mpaka Agosti au Septemba. Hiyo ni miezi tisa ya kukaa bure. Mwanangu hakuipenda. Januari akaniambia, "Baba, nimepata kazi. Nitauza katika duka la leso, mtaa wa Biashara."

Nilikataa. Nilisema binti yangu hawezi kusimama dukani kutwa kucha akivuta leso za watu. Mamake akanitazama, akaniuliza, "Na wewe ulipokuwa utingo wa lori, ulikuwa na miaka mingapi?" Nilikuwa na miaka 17, sawasawa na binti yangu. Nikanyamaza.

Kwa upande wa sheria hakukuwa na kosa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mtu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na mwenye miaka 13 mpaka 16 inamruhusu kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Mwanangu alikwisha kuivuka mipaka hiyo miwili.

SHULE YA PILI

Basi mwezi wa Februari tukawa tunavuka feri ya Likoni pamoja kila asubuhi, mimi nikielekea gereji ninakofanya kazi, yeye dukani kwake. Nakiri kwamba zile safari zilinifurahisha. Kwa miaka mingi sikuwa nimezungumza na mwanangu isipokuwa kuhusu karo na alama za mtihani. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha.

Alinieleza kwamba leso huuzwa jozi, na kwamba mnunuzi mjuzi hutazama pindo, kisha mji, yaani ile sehemu ya katikati, lakini linalomfanya atoe pesa ni jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Kuna mama anayetaka jina la kumshukuru mkwewe. Kuna mwingine anayetaka la kumjibu jirani bila kufungua kinywa. "Mteja hakwambii amegombana na nani," alisema, "lakini ukimsomea majina kumi, utalijua tu. Lile la kweli humchekesha."

Nilistaajabu. Mtoto ambaye nyumbani hakuosha kikombe mpaka aitwe mara tatu, sasa alikuwa akimsoma mtu mzima usoni.

SIKU YA MALIPO

Tajiri wake alimlipa shilingi 300 kwa siku. Februari alifanya siku 25, kwa hivyo alistahili shilingi 7,500. Sasa hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kitambulisho cha taifa hupatikana mtu akitimiza miaka 18, naye alikuwa bado. Hakuwa na laini ya simu kwa jina lake. Tajiri akapendelea kulipa kwa simu, na bila kufikiri sana nikatoa nambari yangu.

Nilisahau jambo moja, au tuseme nilijifanya nimesahau. Simu yangu ilikuwa na deni. Ni ule mkopo unaoupata pesa zikikuishia, kisha pesa zozote zikiingia hukatwa papo hapo bila kuulizwa. Nilikuwa nimekopa kidogo kidogo, leo unga, kesho nauli, mpaka ikafika 4,600. Mshahara wa mwanangu ulipoingia tarehe 29, kufumba na kufumbua zikabaki 2,900.

Jioni akaniuliza, "Baba, mshahara umeingia?"

Nikamjibu, "Bado."

Neno moja tu, lakini mpaka leo hulikumbuka. Nilidhani nitaziziba zile pesa kabla hajajua. Siku ya tatu, msichana wa watu akaenda kwa tajiri wake kumwuliza kwa adabu kwa nini amecheleweshewa malipo. Tajiri akatoa simu, akamwonyesha ujumbe: zilipotumwa, saa ngapi, na jina la aliyepokea. Wauzaji wenzake walikuwapo wakisikia.

Alirudi nyumbani, akaniamkia kama desturi, akampikia ndugu yake mdogo, akala, akaosha vyombo. Kisha akasimama mlangoni akasema, "Baba, ungeniambia tu. Ningekupa." Akaenda kulala.

Afadhali angenitukana.

BAHASHA YA BABANGU

Usiku ule nilimkumbuka marehemu babangu. Mshahara wangu wa kwanza wa utingo nilimpelekea katika bahasha bila kuifungua, kwani ndivyo tulivyofunzwa. Alihesabu, akatia mfukoni, asinipe hata senti ya soda wala kuniambia zinakwenda wapi. Nilikaa na kinyongo miaka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponiambia kwamba pesa zile zilinunua mabati ya jikoni, lilipokuwa likivuja. Laiti babangu angesema neno moja, ningejivunia mabati yale kila mvua inaponyesha.

Nami nilikuwa nimefanya lile lile, tena baya zaidi. Babangu alinyamaza, mimi nilidanganya.

Asubuhi, ndani ya feri, nilimwomba mwanangu msamaha. Si rahisi kwa baba, lakini nilimwomba. Nilimkabidhi zile 2,900, nikafanya kazi za Jumapili mpaka nikamaliza 4,600 zilizosalia. Nilikwenda pia kwa tajiri wake, nikamwambia mbele ya wale wale waliosikia kwamba kosa lilikuwa langu, na tangu mwezi ule amlipe mkononi. Baadaye nilijifunza kwamba sheria ile ile ya 2007 yataka mshahara alipwe mfanyakazi mwenyewe, na asipokuwapo, alipwe mtu aliyemruhusu kwa maandishi. Haisemi kwamba mzazi ana ruhusa kwa kuwa ni mzazi.

Kisha tulikaa sote mezani. Mwanangu mwenyewe alipanga: shilingi 1,500 kila mwezi kwa matumizi ya nyumba, nyingine awekewe na mamake kwa ajili ya chuo. Mimi nikaeleza madeni yangu yote, moja baada ya jingine. Mke wangu alikuwa hayajui nusu yake.

Kabla ya Idi alimletea mamake leso. Nilikuwa na wasiwasi wa kusoma jina, nanyi mwajua kwa nini. Liliandikwa: Nyumba njema si mlango. Nilimwuliza ni nani anayesemwa. Akacheka, akasema, "Hakuna, Baba. Nilitafuta isiyogombana na mtu."

Sasa yuko chuoni, ana kitambulisho na laini yake. Wazazi wenzangu, mtoto akipata kazi, msaidieni kuhesabu, lakini msimhesabie. Na nyumba ikiwa na shida, mwelezeni. Mtoto aliyelelewa vyema hashindwi kutoa. Kinachomuumiza ni kuchukuliwa.