MENO YENYE MADOA: TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji wa Magara, usifunike mdomo unapocheka. Madoa ya chai, tumbaku na ugaga huondolewa na daktari wa meno kwa kukwangua, jino haling'olewi. Madoa ya kahawia yaletwayo na maji yenye floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha, Tanzania, huanza utotoni jino likiwa bado ndani ya fizi. Hayo hayatoki kwa kusugua, lakini yanaweza kufunikwa kwa dawa nyeupe ya kuzibia. Penye pengo huwekwa jino la bandia.

Usisugue kwa limau, mchanga wala jivu: gamba gumu la jino huisha, na halioti tena. Fizi zikitoka damu au jino likiuma, hayo yatibiwe kwanza. Waulize wauguzi wa kituo cha afya.