Kima, Goso, Abunuwasi na Alisi: vitabu vya watoto wa Unguja vinasomekaje ukishakuwa mkubwa?

Mzazi wa Mji Mkongwe anayetaka kumsomea mwanawe hadithi za Unguja ana bahati moja na tatizo moja. Bahati ni kwamba hadithi hizo zilianza kuchapishwa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tatizo ni kwamba si zote zinazomfaa mtoto, na kitabu kimoja kilichobeba jina la Zanzibar kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu.

Pa kuanzia ni Swahili Tales, mkusanyiko wa Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Kilitoka London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Steere hakuwalenga watoto hasa. Aliwalenga wageni waliokuwa wakijifunza lugha. Lakini humo ndimo alimo kima na rafiki yake papa.

Hadithi yenyewe wengi wanaijua. Kima anakaa kwenye mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa matunda. Siku moja papa anamkaribisha kwao. Wakishafika katikati ya maji, anamfungulia siri: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Eti makima wakitembea, mioyo huiacha mtini, kwa hiyo warudi wakauchukue!

Mtoto atacheka. Mtu mzima ana la ziada la kufurahia, maana kisa hiki kimetoka mbali. Huko India adui alikuwa mamba. Waarabu wakakipokea katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitafsiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na humo yumo kobe. Kilipofika Unguja, akawa papa. Na angekuwa nani mwengine? Mvuvi wa hapa mamba atamjulia wapi?

Tatizo ni nusu ya pili. Kima, akiwa salama juu ya mti, anamsimulia papa habari za punda wa dobi. Sungura anamlaghai punda aende kwa simba. Mara ya kwanza punda anaponea chupuchupu, mara ya pili anauawa, na sungura anamaliza moyo na masikio yake. Simba akiuliza viko wapi, anajibiwa kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi. Jibu kali hilo, lakini ni jibu la watu wazima. Kwa mtoto wa miaka mitano, bora kuishia pale kima aliporuka mtini.

Hadithi bora zaidi ya kusoma kwa sauti ni ya Goso. Huyu alikuwa mwalimu wa watoto, akafundisha chini ya mti, tunda likamwangukia kichwani akafa. Wanafunzi wanatafuta muuaji. Wanauendea upepo, upepo unasema ungekuwa na nguvu usingezuiwa na ukuta. Ukuta unamtaja panya anayeutoboa, panya anamtaja paka, na kadhalika mpaka wanafika kwa paa, mwizi wa matunda, ambaye hana la kujibu. Watoto wanaikariri haraka sana, na msomaji akikosea mpangilio watamsahihisha wao.

Sultani Darai ni habari nyingine. Paa anamtoa maskini jalalani, anamtafutia mke na jumba. Ni kama yule paka mwenye viatu wa Charles Perrault, wa mwaka 1697. Tofauti iko mwishoni: paka wa Ufaransa anaishia kuwa bwana mkubwa, paa wa Unguja anaugua, na tajiri yake anamnyima hata chakula cha maana. Anakufa, na yule bwana anaamka asubuhi yuko jalalani kama zamani. Inauma hiyo. Mtoto atauliza kwa nini paa hakupona, na jibu la haraka halipo. Hata hivyo, katika mkusanyiko wote hakuna hadithi iliyosukwa vizuri kuliko hii.

Mwaka 1901 George Bateman alichapisha Zanzibar Tales huko Chicago. Goso yumo, kima yumo, kaandikwa “Keema”, ili Wamarekani wayaweze matamshi. Ni kitabu chepesi na cha kuchekesha, lakini mtoto wa Mkunazini asiyejua Kiingereza hawezi kukisoma.

Abunuwasi anahitaji uangalifu kidogo. Jina lake ni la mshairi wa kweli wa Baghdad, wa enzi za Harun al-Rashid, ila wa pwani amekuwa mjanja wa vichekesho. Kisa cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, hakichoshi. Lakini ukikisoma kitabu chake mfululizo, unagundua Abunuwasi ni tapeli hasa. Kinachomwokoa ni kwamba anaowatapeli mara nyingi ni matajiri wenye tamaa.

Na wageni je? Alice wa Lewis Carroll alifika kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi, akachorwa kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikaja tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, London, ambaye pia ameitafsiri Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi. Alisi si rahisi kwa mtoto mdogo, maana utani wake ni wa maneno, na utani wa maneno ndio mgumu kuhamisha.

Vitabu vya Steere na Bateman muda wa hakimiliki umekwisha, vinasomwa bure mtandaoni, hata kwa simu. Cha Steere kina tahajia ya kizamani, ila ukikisoma kwa sauti, Kiswahili chake ni kile kile cha vibarazani. Anayeanza leo usiku aanze na Goso.