Zafarani: Kiungo, Dawa au Hasara?

Katika mikutano ya vikundi hapa Chaka tumeulizwa mara nyingi juu ya zafarani. Mmoja anasema inashusha presha, mwingine anasema inaongeza damu. Wengine wanataka kutoa pesa za mzunguko wanunue ya kuuza sokoni. Kabla ya kutoa hata shilingi, tuielewe kwanza.

ZAFARANI NI NINI?
Zafarani si unga wala mzizi. Ni nyuzi nyekundu zitokazo katikati ya ua dogo la rangi ya zambarau. Kila ua lina nyuzi tatu tu, nazo huchumwa kwa mkono na kukaushwa. Gramu moja yahitaji maua kama 150, na ndiyo sababu bei yake si mchezo. Sehemu kubwa hutoka Irani.

Mmea huu hauzai mbegu. Hupandwa kwa vitunguu vyake, nao hutaka kiangazi cha joto kali kikifuatwa na majira ya baridi. Hali yetu ya masika na vuli si hiyo. Basi mtu akiwaletea pakiti ya "mbegu za zafarani", jueni ni mdanganyifu.

MATUMIZI YAKE
Ndugu zetu wa Pwani huitia katika biriani. Nyuzi chache hulowekwa katika maji ya moto au maziwa kwa robo saa, kisha maji hayo humwagiwa wali. Hutoa rangi ya dhahabu na harufu nzuri. Ukizidisha, chakula huwa kichungu.

JE, NI DAWA?
Wataalamu wameichunguza. Majaribio kadhaa, mengi yao madogo, yameonyesha kwamba miligramu 30 kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8, huweza kuwasaidia watu wenye ugonjwa wa huzuni usio mkali. Hilo ni jambo jema, lakini si ruhusa ya kuacha matibabu.

Kwa presha na kisukari, hakuna ushahidi wa kutosha wa kuiweka mahali pa dawa za hospitali. Mama anayeacha vidonge vya presha ili anywe zafarani anaweza kupatwa na kiharusi. Na kuhusu damu, nyuzi chache haziwezi kutosha. Terere, maharagwe, ndengu na maini vinasaidia zaidi, na vinapatikana hapa hapa.

Akina mama wajawazito wasiinywe kama dawa, kwa maana ikiwa nyingi huweza kuchochea tumbo la uzazi na kuharibu mimba. Ile habari kwamba mtoto atazaliwa mweupe si kweli: rangi ya mtoto hutoka kwa wazazi wake. Tena, kwa mtu yeyote, gramu 5 au zaidi ni sumu.

JINSI YA KUITAMBUA
1. Tia nyuzi katika maji ya vuguvugu. Za kweli hutoa rangi polepole, nazo hubaki nyekundu. Za bandia humwaga rangi mara moja, kisha hupauka.
2. Onja uzi mmoja. Wa kweli hunukia vizuri lakini ni mchungu, si mtamu.
3. Ukiuziwa unga, koroga kidogo katika maji ya magadi, yale ya kupikia githeri. Ukigeuka rangi nyekundu ya kahawia, umeuziwa manjano. Manjano ni kiungo kizuri, lakini bei yake ni ndogo sana. Usiyalipie bei ya zafarani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI
- Ni nani katika kikundi chetu ameacha dawa za hospitali kwa sababu ya maneno ya mchuuzi? Tutamsaidiaje kurudi zahanati?
- Mtu akituletea biashara mpya, tutamwuliza maswali gani kabla ya kufungua sanduku la kikundi?
- Pesa ya gramu moja ya zafarani ingenunua miche mingapi ya mboga?