Vinara wa Tanuru: Madini Adimu Yanapokutana na Klorini

Katika matanuru ya saruji ya Athi River, Kaunti ya Machakos, chokaa na udongo hupikwa hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi. Moto huo unatosha na kuzidi kwa kazi nyingine isiyozungumzwa sana huku kwetu: kuzikutanisha oksidi za madini adimu na gesi ya klorini. Madini hayo ni elementi 17, na baadhi yake ndizo zinazotupa sumaku kali za magari ya umeme. Mbele ya klorini hazina tabia moja. Zipo sikivu, zipo sugu, na kila moja ina rekodi yake.

Mapishi yaliyodumu zaidi

Mwaka 1825, Hans Christian Ørsted wa Denmaki alichanganya oksidi ya alumini na makaa, akaupasha mchanganyiko hadi ukawa mwekundu, kisha akapitishia klorini. Kanuni hiyo ingali hai miaka 200 baadaye. Makaa huinyang'anya oksidi oksijeni yake, na klorini hukalia nafasi iliyoachwa. Wafua chuma wa Ukambani waliijua nusu ya kwanza tangu kale: mchanga wenye chuma ukifukutwa kwa makaa ya miti huachia oksijeni. Klorini ndiyo nusu ya pili.

Sikivu zaidi: lanthanamu

Oksidi ya lanthanamu ina hulka ya chokaa: ukiiacha wazi, hunyonya unyevu na kaboni dioksidi hewani. Klorini nayo huishika mapema, hata bila makaa. Ila bila makaa kazi huishia njiani. Kinachopatikana ni oksikloridi, kitu ambacho bado kimebeba oksijeni.

Sugu zaidi kati ya zile za wingi: seriamu

Seriamu ndiyo nyingi kuliko zote 17; katika ganda la dunia kiasi chake kinakaribia kile cha shaba. Ndani ya oksidi yake imetoa elektroni nne, lakini kwenye kloridi inatoa tatu tu. Kwa hiyo lazima irudishiwe elektroni moja, na klorini, yenye uchu wa elektroni, haiwezi kumrudishia mtu. Makaa ndiyo yanayoilipa deni hilo.

Pengo kubwa zaidi la joto

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Kloridi ya titani huchemka kwa nyuzi 136 tu. Ya niobiamu, takriban 250. Ya chuma, kama 315. Kloridi za lanthanamu na seriamu huyeyuka kati ya nyuzi 800 na 900, na hazichemki mpaka joto lipite 1,500. Basi jiwe moja lenye vyote hivyo likichomwa pamoja na makaa na klorini, kloridi za titani, niobiamu na chuma hupaa kama mvuke, na za madini adimu hubaki chini zikiwa majimaji. Kampuni ya Goldschmidt ya Essen, Ujerumani, iliifanya kazi hii kiwandani kwa nyuzi 1,000 hadi 1,200.

Mawe tajiri zaidi ya jirani

Gakara, Burundi, iligunduliwa mwaka 1936, na mishipa ya mawe yake ina kati ya asilimia 47 na 67 ya oksidi za madini adimu, kiwango cha juu kupindukia duniani. Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, ina asilimia 4.8 tu, lakini katika tani milioni 18.5 za akiba. Kenya ina Mrima, Kaunti ya Kwale: niobiamu na madini adimu ndani ya kilima kimoja chenye chuma tele. Kilima hicho pia ni kaya ya Wadigo, msitu mtakatifu, na heshima hiyo haina kipimo cha tani.

Hatari kuliko yote

Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hutambaa mabondeni. Tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres, Ubelgiji, ilitumiwa kama silaha ya vita. Tanuru la klorini na makaa hutoa pia kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Anayelijenga aanze na usalama wa wafanyakazi na majirani.

Somo kubwa zaidi

Kuanzia Februari 2014, kwa zaidi ya miaka kumi, Kwale ilisafirisha mchanga wa titani ng'ambo. Wenye ujuzi wa huko ndio walioupandisha thamani, baadhi yao kwa klorini. Naamini madini adimu hayapaswi kufuata njia hiyo, na Machakos ina pa kuanzia. Fundi wa tanuru la saruji anajua kwamba klorini kidogo iliyojificha kwenye malighafi hugeuka kloridi, ikapaa na moto, kisha ikaganda sehemu zenye ubaridi na kuziba mabomba. Yeye huiondoa kama adui. Pale Essen, kupaa na kuganda huko huko ndiko kulikokuwa chujio. Mwanafunzi wa kemia wa Machakos anayetaka kuliona somo hili kwa macho hahitaji kwenda mbali: aombe kuingia Athi River siku mabomba yanapozibuliwa.