Ngitili haifunguliwi kwa kalenda

Mwezi wa tisa Shinyanga yote ni vumbi. Pamba imeshavunwa, mabua ya mtama yameliwa hadi vishina, na ng'ombe wanakwenda mwendo mrefu kutafuta maji. Katikati ya ukame huo utakuta kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu, kavu lakini nzima, na migunga imesimama juu yake. Hakina waya wala ukuta. Kundi la jirani linapita kando, na mchungaji ameshika fimbo kuhakikisha hakuna anayechepuka. Hiyo ndiyo ngitili.

Wasukuma huifunga mvua zinapoanza ili majani yaote bila kukanyagwa, na kuifungua kiangazi kinapokaza. Hata hapo haliingii kundi zima. Wanaotangulia ni maksai wa kulimia, ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na wale wakongwe wasioweza kufuata malisho ya mbali. Sehemu moja ikiisha ndipo inayofuata hufunguliwa. Wenye nguvu watajitafutia. Maksai hapati upendeleo huu kwa bahati: akikonda, mvua ya kwanza itanyesha bila plau kushuka shambani, na njaa ya mwaka ujao huanzia hapo.

Utaratibu huu ulikaribia kufa. Enzi ya ukoloni vichaka vilifyekwa kwa wingi kuwafukuza mbung'o, kisha pamba ikadai mashamba mapya. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu na kuziacha ngitili nyingi bila mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huliwa na kila mtu. Mwalimu Nyerere alifikia kuuita mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi.

Mwanzoni mradi uliweka nguvu kwenye vitalu vya miche. Kilichobeba kazi hasa ni wanavijiji kufunga maeneo yao kama zamani na kuacha visiki na mbegu zilizolala ardhini zichipue zenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo, kabla haujagawanywa. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wageni wengi huja kuhesabu miti. Mimi naona utajiri wenyewe uko kwenye uamuzi. Shinyanga hupata milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, na wastani huo hausemi lolote kuhusu siku itakayonyesha. Vuli inaweza kuja, ikakatika katikati, mahindi yakanyaukia shambani. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mwezi wa pili kwamba malisho yafunguliwe tarehe fulani mwezi wa nane. Anayejua ni yule anayeziona nyasi na mbavu za ng'ombe kila siku. Anayekiuka uamuzi huo huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, akatozwa mchenya, yaani faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, wapo kuhakikisha inalipwa. Kesi haihitaji nauli ya kwenda mjini.

Tusiipambe kupita kiasi, hata hivyo. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na mfugo hubaki kuokota kuni na kukata nyasi za kuezekea, akiruhusiwa. Ngitili za kijiji ndizo zinazomsaidia mtu kama huyo, na ndizo zinazomegwa kwanza mashamba yanapohitajika. Isitoshe, mzee aliyewahi kuhamishwa kwa lori ana haki ya kuogopa kwamba miti ikishakua serikali itaiita msitu wake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga na kusimamia ardhi yake. Basi halmashauri zinapopitisha sheria ndogo za malisho, ziandike mipaka ya ngitili za kijiji ili zisimegwe, ziandike haki ya wasio na ng'ombe, na tarehe ya kufungua waachiwe wanakijiji wenyewe.